Ng'ombe wa Subukia Kwenye Bajeti Yetu

Jumapili, mchana. Upepo umeamka vibaya leo na vumbi lote la Nakuru limehamia kwangu. Tangu asubuhi nafuta meza hii na bado ninaweza kuandika jina langu juu yake kwa kidole. Mume wangu ameenda Subukia kwa mamake, na ameenda akiwa amenuna. Nyumba imetulia. Nafurahia kimya hiki kuliko inavyofaa mke wa mtu.

Acha niandike kuhusu kikao cha jana kabla hasira haijapoa.

Kila mwisho wa mwezi, Jumamosi baada ya chai ya asubuhi, sisi hufanya kikao cha bajeti. Majirani zetu hapa Free Area wakitaka kujua hali ya nyumba huulizana tu unga umebaki kiasi gani, na mambo yanaisha hapo. Sisi tuna ajenda. Mume wangu ni karani wa stoo katika kiwanda kimoja mjini, na kwa kuwa huko hakuna aliyewahi kumpa kiti cha mbele, ameamua kuwa mwenyekiti wa sebule. Huvaa shati la kola. Hufungua kwa maombi, anamwomba Mungu abariki mapato haya, kisha anauliza kama kuna mwanachama aliyetuma udhuru. Tuko watu watatu. Wale wengine wawili tumeketi mbele yake.

Tangu siku alipouliza habari ya udhuru mara ya kwanza, mimi humwita Mwenyekiti. Moyoni tu, lakini humwita.

Bajeti yenyewe huandikwa kwa kalamu nene kwenye karatasi ya manila na kubandikwa ukutani siku chache kabla ya kikao, juu ya kabati la televisheni, pale ambapo watu wengine huweka picha ya harusi. Picha yetu ya harusi iko nyuma ya friji. Na kazi ya kuisoma bajeti kwa sauti ni ya binti yetu, Nyambura, aliye darasa la sita. Baba yake anasema ni malezi, mtoto ajue pesa zinaenda wapi. Basi Nyambura hukaa kwenye kiti chake karibu na mlango na kusoma: kodi ya nyumba, unga, maziwa, mkate, gesi, stima, michango ya kanisa. Husoma kwa sauti nzuri, kama anatangaza mambo ya ibada, na Mwenyekiti huitikia kwa kichwa kila kitu kana kwamba si yeye aliyekiandika.

Halafu inafika zamu ya Baraka.

Baraka ni ng'ombe. Mume wangu alimnunua na kumpeleka Subukia akae kwa mamake, ili tuache kununua maziwa ya pakiti. Hiyo ndiyo iliyokuwa hesabu. Hadi leo sijaonja hata kijiko cha maziwa ya Baraka, kwa sababu Baraka hajawahi kuzaa. Daktari wa mifugo huja, anaweka mbegu, analipwa, anaondoka, mbegu haishiki. Daktari huja tena. Kati ya daktari mmoja na mwingine, Baraka anakula. Anakula chakula cha gunia, si nyasi tu kama ng'ombe wa watu. Analambishwa chumvi. Ana dawa ya kupe. Mwezi huu ametengewa pesa nyingi kuliko mimi na Nyambura tukiwekwa pamoja, na sisi tunapika.

Mwenyekiti huongea juu ya ng'ombe huyo kwa wakati ujao tu. Tutakapoanza kukamua. Ndama atakapokuja. Yeye hulima na kufuga kwa simu, kama wanaume wengi wa ofisi za huku. Ameketi kwenye kochi, miguu juu ya stuli, anamwambia mama wa watu mwenye goti bovu awashe tochi aende kuangalia kama Baraka ameinamisha masikio.

Na tukishamaliza Baraka, tunafika mstari wa mwisho. Miwani.

Muhula uliopita mwalimu wa Nyambura alinipigia. Mtoto ananakili vitu ambavyo haviko ubaoni, alisema, na akihamishwa mbele anapata. Nikampeleka kwa wale waliokuja kupima watu macho bure kanisani, na waliniambia waziwazi kwamba bila miwani huyu ataendelea kukisia. Nikaja nyumbani na karatasi yao. Mwenyekiti aliisoma, akaiweka chini ya glasi yake ya maji, akasema ataipa nafasi kwenye bajeti. Kweli aliipa nafasi. Akaandika: Miwani, mwezi ujao.

Mwezi ujao ulipofika aliandika tena hivyo hivyo. Na uliofuata. Nilipolalamika alikuwa na jibu tayari, tena la mtu aliyeridhika.

"Si unamskia vile anasoma? Kutoka huko kwa mlango mpaka hapa. Na unaniambia ako na shida ya macho. Mimi nilisoma na koroboi na macho yangu iko sawa."

Na mimi nililiacha jambo hilo, kwa maana ni kweli alikuwa akisoma. Neno kwa neno.

Jana sasa. Mwenyekiti aliamka mapema akabandika manila mpya kabla hatujatoka vyumbani. Alikuwa ametangaza kukaza mkanda, na alipenda sana tamko hilo, alilirudia akinyoa. Maombi yakafanywa. Mimi nilitazama ukutani na nikaona amekaza mkanda wa nani: maziwa yametoka pakiti mbili hadi moja, na mkate umeondolewa kabisa, mahali pake pameandikwa viazi vitamu kutoka Subukia. Pesa zangu za cherehani, zile ninazopata kwa kushona sare za shule, zimewekwa zote kwenye kodi. Baraka ameongezwa. Ameongezwa kwa sababu mvua imechelewa na nyasi zimekauka, na Mwenyekiti hawezi kuvumilia kuona mnyama akiteseka.

Nilikuwa nimeshajiandaa kusema maneno ambayo yangeharibu wikendi. Lakini Nyambura alikuwa ameanza kusoma.

"Kodi ya nyumba. Unga. Maziwa, pakiti mbili kwa siku. Mkate."

"Soma vile imeandikwa," baba yake akamkatiza.

Aliikunja mikono mapajani akaitazama. Kisha akaanza upya, polepole, kwa sauti ile ile ya kutangaza: kodi ya nyumba, unga, maziwa pakiti mbili, mkate.

"Hiyo ni kiburi," Mwenyekiti akaniambia mimi, si yeye. "Mtoto anaona mkate imetolewa na anataka kunilazimisha. Ni wewe unamfunza."

Kwa dakika moja hata mimi nilidhani ni kiburi, na nitakuwa mkweli, nilifurahi. Nilijiambia, angalau kuna mtu mmoja humu ndani anayemjibu. Halafu nikamwona Nyambura akisimama. Alivuka sebule, akaenda hadi kwenye kabati, akainuka kwa vidole vya miguu, na akaweka uso wake kwenye ile manila mpaka pua ikakaribia kugusa wino. Akasoma. Maziwa, pakiti moja. Viazi vitamu, kutoka Subukia. Alisoma kwa shida, akisogeza kichwa kando kando na mstari. Alipomaliza hivyo viwili, akarudi akaketi kwenye kiti chake karibu na mlango, akainamisha kichwa, na akamalizia bila kuangalia mahali popote.

"Miwani, mwezi ujao."

Hiyo alipatia.

Nje kulikuwa na mtu akiuza makaa, nakumbuka sauti yake. Nikamuuliza Nyambura tangu lini. Akasema yeye husoma bajeti akiwa anafuta vumbi kwenye kabati, siku za juma, anasimama karibu, anaishika kichwani hadi siku ya kikao. Jana hakupata nafasi ya kufuta kwa sababu karatasi mpya ilibandikwa asubuhi.

Mimi nilikuwa nikimsifu mbele ya majirani kwa vile anavyopenda kufuta lile kabati.

"Na kwa nini hukusema?" nikamuuliza.

"Mkianzanga hiyo story ya miwani mnagombana," akasema. "Na Baba hufurahi nikisoma."

Sasa ungedhani baba mtu angeinuka hapo. Angemshika mtoto, angesema pole, angefanya chochote ambacho baba hufanya. Mwenyekiti alikohoa. Akaifunika kalamu yake nene. Akasema, na ninaandika maneno yake kama yalivyo ili siku moja nisijidanganye kwamba niliongeza chumvi:

"Sawa. Hiyo tutaweka kwa AOB." Yaani mengineyo, mwisho kabisa wa ajenda.

Nilicheka. Sijawahi kumcheka mwanamume huyu usoni kwa namna ile, na sikujizuia. Nilicheka hadi akaanza kurekebisha kola.

Kisha nikaenda kwenye friji. Juu yake huwa kuna bahasha. Mwenyekiti hawezi kumtumia mamake pesa za Baraka kwa simu kama watu wengine, lazima azitoe, azitie kwenye bahasha, azipeleke Subukia Jumapili na ampe mkononi baada ya kanisa, majirani wakiwa bado wamesimama barabarani, ili ionekane kuna mtoto wa kiume anayefanya kazi mjini. Nikaichukua bahasha, nikamwambia Nyambura avae viatu, tukatoka. Mwenyekiti alituita mara moja tu. Sidhani alijua aite nani.

Mjini tulipata duka la miwani limebakisha muda kidogo kufunga, maana Jumamosi hufunga adhuhuri. Kijana wa pale alimpima tena, akaniuliza mtoto amekuwa akiendaje shuleni. Nikamwambia, kwa kukisia. Nyambura alichagua fremu ya bei ya chini kabisa, hata kabla sijauliza bei. Alizigeuza zote kutafuta vibandiko vya bei, akazileta karibu na jicho, akachagua ile. Nikairudisha. Nikamwambia achague anayoipenda. Alishindwa. Alisimama pale akiniangalia kama aliyeulizwa swali ambalo halijafunzwa darasani, na ikabidi nimsaidie. Tulichukua ya bluu. Itakuwa tayari kesho.

Ndiyo maana Mwenyekiti ameenda Subukia leo bila bahasha, amebeba sukari na majani ya chai, amenuna. Ameenda kueleza. Nilimwona akifanya mazoezi ya maelezo yake mbele ya kioo.

Saa hii hii nikiandika, simu imelia. Ni mama mkwe. Nilishika nikiwa nimejikaza, maana nilitarajia kukaripiwa.

"Mama Nyambura," akasema, sauti yake chini, nadhani alikuwa nyuma ya jikoni. "Huyu mtu wako ameniambia hiyo maneno ya mtoto. Sasa skiza. Muulize hii ng'ombe atauza lini. Mimi nimechoka kubeba maji. Nilikuwa naogopa kumwambia juu anaipenda sana."

Nilimwambia asante, Mama. Nikamwambia apumzishe hilo goti.

Kwa hivyo hiyo ndiyo familia yangu. Mwanamke mzee anabeba maji ili asimwudhi mwanawe. Mtoto anakariri ukuta ili asimwudhi babake. Na katikati ameketi mwanamume mwenye shati la kola, anaandika kwa kalamu nene kwamba kila kitu kiko sawa. Ningependa kuishia hapo. Ni mahali pazuri pa kuishia, na mimi nisingekuwa na doa.

Lakini kiti changu cha kikao kiko mkabala na cha Nyambura. Yeye akisoma, uso wake uko mbele yangu kabisa. Miezi hii yote ningeweza kuona kwamba macho yake hayakuwa ukutani. Hata mara moja sikumwangalia. Nilikuwa nikimwangalia Mwenyekiti, namhesabia ujinga wake mmoja mmoja, nautunza, ninaufurahia, kama yeye na ng'ombe wake.

Dharau yangu nayo imekuwa ikilishwa vizuri humu ndani.

Simsamehei. Sitaki mtu asome hapa adhani nimelainika. Akirudi jioni atanikuta nimeitoa ile manila, na picha ya harusi sitairudisha pia, ukuta ukae hivyo mtupu kwanza tuuone. Kikao kijacho kitafanyika jikoni, bila shati la kola, na mtoto hatasoma chochote. Kuhusu Baraka, mama mkwe na mimi tumeshapiga kura, na tuko wengi.

Kesho nitafunga cherehani mapema, nimchukue Nyambura shuleni, twende dukani. Akivaa ile miwani nitakaa mbele yake, karibu, nimwache aniangalie kwa muda wote atakaotaka. Sijui ataona nini.

Ng'ombe na ale nyasi.