Mashahidi wa Chumba cha Baba

Nyumbani kwa mama,
Chumba cha mbele, mezani,
Jumapili alasiri, tarehe 14 Septemba.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba lile goti limeacha kukusumbua unapopanda ngazi. Huku sisi ni wazima. Mama anakula vizuri, na bado anaona kila kitu asichotakiwa kuona. Ni maandishi tu yaliyomkataa, kwa sababu ya mtoto wa jicho. Mke wangu anakusalimu na anasema ile blauzi uliyoisahau hapa usiitafute tena.

Utashangaa kwa nini nakuandikia barua wakati simu zipo. Utaelewa ukifika mbele. Kwa sasa jua tu kwamba maneno ya simu hayawekwi kwenye jalada.

Nianze na la kuchekesha. Mimi, ambaye marehemu baba alinifukuza kwenye Maandiko kwa mdomo wake mwenyewe, ndiye sasa msomaji wa mama. Kila Jumapili baada ya chakula ananikalisha hapa mezani na kile kitabu cha baba, kile chenye jalada lililoshikwa kwa utepe wa fundi umeme, nimsomee mpaka asinzie. Kaka mkubwa alijaribu kabla yangu, lakini mama anasema anasoma kama anavyochomelea mageti: anatoa cheche mbili, halafu kimya. Basi kazi ikamwangukia yule asiyeamini.

Unanijua. Miaka thelathini na moja nimekuwa karani wa mahakama, nikiandika maelezo ya mashahidi mpaka kidole cha kati kikaota sugu. Siwezi kusoma kisa kilichoelezwa na watu wanne bila kuwalinganisha. Nilianza kwa adabu, kwa penseli, pembeni mwa ukurasa. Baba yake Yusufu: shahidi wa kwanza anasema ni Yakobo, shahidi wa tatu anasema ni Eli. Yuda: huku alijinyonga, kule alianguka akapasuka tumbo. Jogoo wa Petro: mmoja anasema aliwika mara mbili, wengine wanaona mara moja inatosha. Nikamwambia mama kwamba hata habari ya kuku imewashinda kukubaliana. Mama akasema, "Soma, baba. Hukuitwa kuhukumu."

Mchungaji alipopita kumjulia hali, nilimwonyesha penseli yangu. Alisoma pembeni mwa kurasa mbili, akavua miwani, akasema wote wanne wanakubaliana kwenye jambo kubwa. Nikamjibu kwamba kazini kwetu hata wasiokuwepo hukubaliana kwenye jambo kubwa, ndiyo maana tunawauliza yale madogo. Akaomba maji ya kunywa. Ni mtu mzuri, na tulizungumza habari za paa la kanisa mpaka alipoaga.

Jumapili iliyopita tukafika kwenye sura za kaburi tupu. Hapo, dada, sikujizuia. Mmoja anasema alikwenda mwanamke mmoja, mwingine wawili, mwingine watatu, mwingine anataja kundi zima. Malaika ni mmoja, yuko nje, amekalia jiwe. Hapana, ni kijana, yuko ndani, upande wa kulia. Hapana, ni wawili, wamesimama. Hapana, ni wawili kweli, ila wamekaa. Nilifunga kitabu nikamwambia mama kwamba hakimu wangu wa zamani angewatoa wote nje kabla ya mapumziko.

Nilitegemea anigombeze. Alikunja na kukunjua leso yake, halafu akasema taratibu, "Na sisi je? Siku ile baba yako alipotutoka tulikuwa chumbani, na kila mtu ana lake. Hata hilo la kukuita wewe, kaka yako analikataa."

Dada, nilikuwa sijui kwamba niliitwa. Miezi minane imepita na hakuna aliyeniambia. Mama alidhani kaka ameniambia. Kaka, nilivyokuja kujua, hakuona kama kuna cha kuniambia.

Nilikokuwa siku ile unakukumbuka. Mlinituma dawa kwa mfamasia, nikachelewa, nikawaambia kulikuwa na foleni. Hapakuwa na foleni. Mfamasia aliandika umri wa baba sabini na mbili badala ya sabini na nne, nikamrudisha aandike kibandiko upya. Akakosea tarehe, nikamrudisha tena. Dakika ishirini nzima nilisimama pale nikisahihisha. Nimeliandika hili kwa sababu siwezi kudai ukweli wa wengine huku nimeukalia wangu.

Na tulivyokuwa tumeachana na baba unajua pia. Tangu darasa la tatu mimi ndiye niliyekuwa macho yake. Seremala aliyejifunza herufi ukubwani, mzee wa kanisa anayeona aibu kukwama kwenye neno mbele za watu, alikuwa akinikalisha kila jioni kwenye benchi lake la kupigia randa nimsomee kwanza somo la Jumapili. Jina la Karani alinipa yeye kabla serikali haijanipa. Halafu kile chakula cha mchana, miaka miwili kabla hajatutoka, mbele ya wazee wenzake, nikamuuliza Yusufu alikuwa na baba wangapi. Wazee walicheka. Baba hakucheka. Alisema, "Usinisomee tena," na kweli sikumsomea tena. Nilikuwa nakuja, namwamkia, nakaa sebuleni na kutengeneza redio ambayo haikuwa imeharibika.

Basi Jumatatu nikachukua daftari nikaenda kukusanya maelezo.

Mama anasema alikuwa amemshika baba miguu, na baba alitamka wazi, "Mwiteni Karani aje anisomee." Kaka mkubwa, niliyemkuta karakanani akiwa ameinua kinga yake ya uso, anasema mama alikuwa jikoni akichemsha maji, na baba aliuliza tu kama dawa imefika. Nilipomuuliza kama anaweza kuapa, akasema anaweza, ila nisogee kidogo, cheche zitaunguza daftari. Shangazi anasema baba hakusema neno lolote bali aliimba wimbo, beti zote nne, na chumbani walikuwamo watu kumi na wawili. Dada, chumba kile unakijua. Kabati likifunguliwa, mlango haufungi. Nilipomkumbusha hilo, shangazi akasema walisimama kwa zamu.

Umebaki wewe. Kwa hili wote wanakubaliana, na ndilo peke yake: wewe ulikuwa upande wa mto, umemshika baba mkono. Nataka jambo moja tu. Alisema nije nimsomee, au hakusema? Niandikie kwa mkono wako, tarehe juu, sahihi kila ukurasa. Usimpigie mama. Usimuulize kaka. Mashahidi wakizungumza kabla ya kutoa maelezo, maelezo yote huwa ya yule mwenye sauti kubwa, na kwetu huyo ni shangazi.

Nacheka ninapoandika, lakini siko sawa. Wale wanne nimewasumbua kwa ajili ya malaika mmoja au wawili, na sasa nina watatu wangu mwenyewe, wote nawapenda, hata mwaka haujaisha, na sentensi moja imenishinda kuipata. Yale ya kaburini bado siyaamini, usije ukamwambia mama nimeokoka. Ila hili la mama nalitaka liwe kweli kuliko nilivyowahi kutaka maelezo ya shahidi yeyote, na karani anayetaka kitu hafai kushika kalamu.

Leo nimemsomea tena. Alisinzia katikati ya sura, nami nikaendelea kwa sauti mpaka mwisho wake, sijui nilikuwa namsomea nani.

Msalimie sana shemeji, na binti yako mwalimu, na yule mdogo mnayemwita Profesa. Mwambie kalamu aliyoniomba ninayo. Mama anakutumia baraka zake zote. Mimi nakuongezea zangu: yule ambaye mama anasema yupo akulinde, na kama hayupo, basi jilinde vizuri mwenyewe, hasa kwenye ngazi.

Wako akupendaye na kukusubiri,
Mdogo wako,
Karani

Nyongeza: Nilishaifunga bahasha, nimeifungua tena. Lile sharti la kutozungumza na mama nimelifuta. Mpigie kwanza, umsikilize mpaka amalize, halafu ndipo uniandikie.