Nyumba ya Fidel Dublin

Everlyn usinipigie, soma tu. Nimetoka kuongea na bro yangu Fidel kwa video.

Nilitaka tu kujua rent ya Dublin nipange mshahara wa kwanza nikifika. Nikamwambia mwezi wa kwanza nitakaa kwake, si ana vyumba viwili.

Akasema, "Peres, sina nyumba. Nina kitanda."

Kitanda. Yeye analala mchana akitoka kazi, usiku analala mtu mwingine. Nusu ya mshahara inaenda hapo. Ile sebule ya picha anazotutumia ni ya mzee ambaye Fidel analipwa kumtunza.

Nikamuuliza mbona hakusema. Akasema, "Ungekuja?"

Na Mama alikuwa nyuma yangu anakunja nguo zangu. Alisikia yote.

Hakulia. Alichukua simu akamuuliza, "Sasa unapikia wapi?"

Kazi ya hapa nishaacha na tiketi ni ya Jumamosi. Nikajisikia nikimwambia Fidel, "Uliza kama kuna kitanda kingine."

Akasema ataniulizia.

Mama amerudi kwa nguo. Anaongeza pakiti za unga kwa sanduku, na mimi namwangalia tu.