Vitesi ya Kwanza

Kindu, tarehe 4 mwezi wa tatu, 1952

Kwa kaka yangu mukubwa, yaya Hamadi, huko Kailo.

Asalaam aleikum, wewe na shemeji Mwanahamisi na watoto wote. Muguu unaendeleaje na mvula hizi? Sisi hapa tuko wazima, ila Mama anakohoa tangu juma mbili na dawa anakataa. Anakusalimia sana.

Yaya, patron amenitoa njia ya Kasongo. Sasa nabeba mupunga kwa lori kutoka depo mpaka bandarini. Unaujua ule mutelemuko. Narudisha kamiyo nyuma mpaka karibu na maji, pua inatazama juu, wapakuzi wanashusha magunia na kuyapeleka kwenye boti. Shida ni freni ya mukono. Waya wake umelegea. Navuta mpaka mwisho na kamiyo bado inatambaa. Nilimwambia patron, akanijibu: "Hamadi aliendesha kamiyo hii miaka minane, hakulalamika."

Basi naegesha, natia jiwe nyuma ya gurudumu. Wewe njo ulinifundisha kazi hii, kwa hiyo nakuuliza: inatosha?

Mudogo wako,
Amuri

*

Kailo, tarehe 19 mwezi wa tatu, 1952

Kwa mudogo wangu Amuri.

Waaleikum salaam. Barua yako imefika, tumeisoma wote. Muguu hauna jipya: yakibadilika mawingu, naanza kusikia maumivu kabla ya watu wengine kuona mvula. Mwambie Mama akubali dawa, asituonee.

Haitoshi, Amuri. Jiwe ni la kusaidia tu. Ukizima moto wa mashine, tia vitesi ya kwanza na uache kijiti cha gia humo humo. Mashine yenyewe itashika magurudumu.

Najua utashangaa kuona ni mimi nasema hivyo, mimi niliyebanwa kwenye ukuta wa depo. Lakini siku ile kosa lilikuwa langu. Niliacha kamiyo ndani ya vitesi, nikasahau, nikaja mbele kuiwasha kwa kuzungusha manivela bila kutikisa kijiti. Ikawaka, ikaruka juu yangu. Sasa sikiliza: uwanja wa depo ni tambarare, pale vitesi haikuwa na kazi. Bandari ni mutelemuko, na chini yake kuna watu. Wewe acha vitesi. Kabla ya kushika manivela, panda kwanza, tikisa kijiti, hakikisha kiko huru. Ni kazi ya kupumua mara mbili tu.

Muguu wangu usikutishe.

Kaka yako,
Hamadi

*

Kindu, tarehe 10 mwezi wa ine, 1952

Yaya Hamadi,

Salaam nyingi. Nimepata barua yako na nimesikia maneno yako. Mama anapona, jana alitoka mwenyewe mpaka kwa jirani kugombana, kwa hiyo usiwe na wasiwasi. Nakutumia sabuni na chumvi.

Kazi inaendelea. Wapakuzi wamezoea kula kwa mama mumoja anaitwa Pélagie, muke wa Donatien wa reli. Anauza chikwange ya muhogo na samaki pale chini ya mutelemuko, nyuma ya kamiyo, mahali wanapopumzikia. Nilimwomba asogee pembeni kidogo. Akaniambia, "Shofere, nikisogea wewe utakula wapi?" Tukacheka.

Nitakuandikia tena.

Mudogo wako,
Amuri

*

Kailo, tarehe 2 mwezi wa saba, 1952

Amuri,

Ninyi wazima? Karibu miezi mitatu bila barua. Juzi sokoni wachuuzi waliotoka Kindu walikuwa wanasema kamiyo ya mupunga imeua mwanamuke bandarini na shofere wake amefungwa boloko. Nikauliza ni shofere gani. Mumoja akasema jina lako, kisha akautazama muguu wangu, akaanza kufunga mizigo yake.

Wanasema polisi alipopanda alikuta kijiti kikiwa katikati. Bila vitesi. Niambie ni uongo.

Nilikuandikia wazi. Kama hukupata barua ningeelewa, lakini ulinijibu umesikia. Kwa nini basi? Ni kitu gani kilikushinda, kusukuma kijiti mbele kwa mukono mumoja?

Jibu upesi.

Hamadi

*

Boloko ya Kindu, tarehe 30 mwezi wa saba, 1952

Yaya yangu,

Asalaam aleikum. Namwomba Mungu barua hii ikukute na afya. Naiandika kwa herufi za Kiarabu tulizofunzwa chuoni kwa mwalimu, maana karani wa hapa anayesoma barua zetu hazijui. Bruno, anayemaliza kifungo kesho, ataipitisha Kailo.

Si uongo. Mvula ilinyesha mchana, ardhi ikawa laini. Mimi nilikuwa kwa karani wa boti na makaratasi. Nikasikia watu wanapiga kelele, "Kamiyo! Kamiyo!" Jiwe lilikuwa limezama kwenye matope. Nilikimbia, nikashika mulango, nikaburutwa. Sikuweza kupanda. Pélagie alikuwa ameinama kwenye chungu chake, mugongo umetuelekea. Alisikia kelele akafikiri wapakuzi wanagombana. Hakugeuka.

Ameacha watoto watatu. Nimehukumiwa miaka miwili. Juji aliniuliza, "Kwa nini hukuacha vitesi? Hukufundishwa?" Nikasema nilifundishwa. Akauliza tena, nikanyamaza. Wewe siwezi kukunyamazia.

Mwaka ule wa 1949, nilipokuwa naosha kamiyo kwa patron, asubuhi moja nilisogeza yako mpaka kwenye kivuli ili nisichomwe na jua. Sikukuomba ruhusa. Nilipozima moto nikatia vitesi ya kwanza, kwa sababu wewe ulikuwa unaniambia kila siku usiache kamiyo huru kwenye mutelemuko, nikafikiri ni kila mahali. Kisha nikaenda kuteka maji. Narudi na ndoo, nakukuta ukutani.

Hukusahau, yaya. Wewe uliiacha bila vitesi. Patron alipouliza nani aliacha vitesi, ulisema, "Labda ni mimi." Mimi nilikuwa nimesimama na ndoo mukononi. Nilijiambia nitasema kesho. Kesho yake ulikuwa hospitali, wanazungumza kuukata muguu. Juma lililofuata patron akakuachisha kazi, na baada ya miezi miwili akanipa mimi kamiyo.

Tangu siku ile mukono wangu haukutaka. Nikizima moto, nasukuma kijiti kwenye ya kwanza, nasikia ile sauti ya ukutani, natoa. Barua yako niliisoma mara nyingi. Siku ile bandarini nilitia vitesi, yaya. Nilitia, kisha nikatoa, nikaweka jiwe.

Sikuombi kitu. Nimekuambia tu.

Amuri

*

Boloko ya Kindu, tarehe 21 mwezi wa kumi na moja, 1952

Yaya Hamadi,

Salaam kwako na wa nyumbani. Bruno aliniletea habari kwamba alikupa barua mukononi. Ni karibu miezi ine. Mama anakuja siku za kutembelea, anasema hata yeye humuandikii.

Tunachimba mifereji ya barabara. Mimi ni muzima. Wiki iliyopita nilipigwa fimbo ine kwa kulala kazini, nimepona.

Kama hutaki kuniandikia, mwandikie Mama.

Amuri

*

Kindu, tarehe 15 mwezi wa pili, 1953

Amuri,

Niko Kindu, nyumbani kwa Mama, tangu siku kumi. Yeye ni muzima na anakula.

Barua yako ilinifanya nisiseme na muntu muda murefu. Mwanahamisi alifikiri ni homa. Muguu si kitu, Amuri, au ni kitu, lakini nimeuzoea. Kilichonishinda ni kingine. Miaka mitatu nilijiita mujinga mbele ya watoto wangu. Patron wa kahawa huko Kailo alipotaka shofere wa kufundisha vijana, nilikataa, nikamwambia akili yangu haishiki tena mambo. Usiku na mchana nilitafuta ile asubuhi kichwani nione mukono wangu ukitia vitesi, na sikuuona, na nikasema hata kukumbuka siwezi. Wewe ulikuwa unanitumia sabuni.

Nilikwenda kwa Donatien. Matanga yameisha zamani, lakini nilikwenda. Nilimwambia mimi ni kaka ya shofere. Aliitazama mikongojo yangu, akamwambia binti yake alete kiti. Tulikaa. Binti ana miaka tisa labda, sasa yeye njo anapika. Nilipoinuka Donatien akasema, "Mwambie ndugu yako sijui nimwambie nini." Nimekufikishia.

Chakula ulicholetewa siku ya ijumaa, wali na samaki ndani ya sahani ya Mama, hakikutoka kwa Mama. Nilikileta mimi. Polisi alinifungulia mulango, akasema ingia muzee, leo ni ruhusa. Nilisimama. Ndani walikuwa wanaita majina. Nikasikia wanaita la kwako, nikasikia unaitika. Sauti yako imekuwa nyembamba. Nikampa polisi sahani.

Ijumaa hii nitaleta tena. Kama nitaingia, sijui.

Hamadi