Kigoda Kilichochemsha Chai

Jikoni, Shule ya Wasichana,
Kitale.
Jumapili, baada ya kuosha masufuria

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa mikono miwili. Miguu yako inaendeleaje na baridi ya Mghange? Na ule mgomba ulioegemea choo, umeanguka au bado unatutishia? Mimi ni mzima, ila vidole vimepasuka kwa maji baridi, na moshi wa kuni mbichi umenipa macho mekundu utadhani ni mlevi. Huku mvua inaanza saa nane mchana kila siku, kama imeajiriwa.

Barua yako nimeipata. Niseme barua yenu, maana wewe Mama hujui kuandika, na ule mwandiko naujua tangu darasa la pili. Ni wa Mwakio, mdogo wangu. Ameandika "ndugu yako anakuomba" kana kwamba huyo ndugu ni mtu mwingine anayeishi Taveta! Kwa hiyo najua na hii atakusomea yeye. Mwakio, soma polepole na usiruke mstari. Mama, ukisikia anakohoakohoa, mwambie arudie.

Mnasema Wakesho, binti yake Mwakio, ni mwezi wa tatu sasa hali chakula vizuri, amekonda, na daktari amempima mara mbili asione kitu. Mnasema wazee wameketi wakaulizana ni nani katika ukoo mwenye kinyongo, na wote wakanitazama mimi, ingawa niko Kitale. Sasa mnataka nije nifanye kutasa, nivute funda la maji, niyapulize, niseme maneno mazuri, hasira initoke na mtoto apone.

Nilipofika hapo niliiweka barua chini nikacheka mpaka mpishi mwenzangu akaniuliza kama nimefiwa au nimepata mchumba.

Kwani mmesahau? Miaka kumi iliyopita, nyanya alipokaribia kufa, si alisema mbele yenu wote kwamba kigoda chake ni changu? Kigoda kile alichokalia kila asubuhi akifanya kutasa, kilicholainika hadi kinang'aa. Alisema, "Hiki mpeni Mghoi. Ndiye anayejua kukasirika na ndiye anayejua kuacha." Hata arobaini haikufika. Mwakio alikuwa ameokoka majuma mawili tu, na moto wa wokovu ulikuwa unamwaka mpaka masikioni. Nilimkuta uani ana shoka.

"Dada, hiki ni kiti cha mashetani," akaniambia. "Yesu akirudi akikikuta humu ndani tutamwambia nini?"

"Mwambie akikalie," nikamjibu. "Atakuwa amechoka na safari."

Hakucheka. Alikipasua vipande vinne, akaviingiza jikoni chini ya birika, wageni wa maombi wakanywa chai. Na wewe Mama ulinyamaza. Hilo nalo nalisema leo, nimechoka kulimeza. Kesho yake nilishuka Voi nikapanda treni, na tangu siku hiyo sijanywa chai nyumbani kwa Mwakio. Nikija likizo nalala kwako, nampitia mlangoni, "hamjambo, hatujambo," basi.

Na hiyo miaka kumi, mbona mmebadilika hivyo! Nilipokuja Pasaka nilidhani nimeshuka kituo kisicho changu. Pale Voi vijana wamevaa suruali za miguu mipana zinazofagia vumbi la stesheni bure bila mshahara. Huko juu kila nyumba ina bati, kila bati lina redio chini yake. Mashamba yaliyokuwa vipande vipande, kimoja mlimani, kingine bondeni, sasa yamekatwa na kupigwa vigingi, na watu waliokuwa wakikopeshana moto wanasalimiana juu ya ua wa katani. Arusi ni shela na keki ndefu kuliko bwana arusi. Ukiamkia mtoto kwa Kidawida chetu anakujibu kwa Kiingereza, na mamake anafurahi. Mwakio ana kochi la kuvikwa vitambaa ambalo hata yeye mwenyewe anaogopa kulikalia.

Sisemi yote ni mabaya. Mimi mwenyewe nina wigi, navaa Jumapili. Bati halivuji, na wasichana wanasoma, Mungu ashukuriwe. Kinachonichosha ni namna mlivyochagua. Mlitupa vibuyu, mkatupa ngoma, mkamwita nyanya mshenzi na udongo wa kaburi lake bado mbichi. Katika kila kitu chake mmebakiza kimoja tu, kile cha kunilaumu mimi! Mzee wa kanisa anayepiga marufuku hata tone la mbangara, pombe yetu ya miwa, anaamini hasira yangu inaweza kupanda treni kutoka Kitale, ibadilishe Nairobi, ishuke Voi, ipande milima hadi Mghange bila kupotea njia. Imani hiyo angeiweka kwenye maombi yake angehamisha Mlima Vuria.

Ngoja, kuna kingine. Juma lililopita wasichana wa shule walikuja jikoni. Kuna mashindano ya utamaduni, na atakayeleta kitu cha kale cha kwao atapewa kikombe. Mmoja akaniuliza, "Cook, wewe huna hata kigoda cha nyanya yako?" Nilimpa huyo msichana mwiko akoroge uji, nikatoka nje. Nililia nyuma ya kuni, Mama. Nililia kweli.

Nilikuwa nimekusudia barua iishie hapo, na salamu mbili tatu kavu. Lakini nikaanza kuhesabu hiyo miezi mitatu mnayosema, nikafika Pasaka, na mkono ukasita.

Siku ile ninaondoka, Wakesho alinibebea mkoba hadi barabarani. Njiani akaniuliza, "Shangazi, mbona hunywi chai kwetu?" Mimi na mdomo wangu nikamwambia chai ya kwao ina moshi. Akawaza, akasema, "Basi na mimi siinywi, wala chakula cha jiko lile, mpaka wewe unywe." Nilicheka nikampa peremende. Kwangu yalikuwa maneno ya mtoto wa miaka tisa.

Sasa niambieni, hali kwa sababu ya ugonjwa au ameshika neno lake? Muulizeni kwa upole, msimchape. Na hata akisema ndiyo, mrudisheni hospitali apimwe tena, maana mimi si daktari. Lakini kama ni hivyo, wazee hawakukosea sana. Hasira yangu ilifika, na aliyeibeba ni huyu mtoto, pamoja na mkoba. Nimeona haya, Mama. Miaka kumi namwona Mwakio ndiye aliyemharibia nyanya jina, kumbe mtoto anayeitwa kwa jina la nyanya ndiye anayekondeshwa na kiburi changu.

Nyanya alikuwa akisema hasira itoke kwanza ndipo maji yafuate, la sivyo unamlowesha mtu bure. Ndiyo maana nimeandika kurasa zote hizi. Nilikuwa naitoa.

Sina kigoda. Nimeketi juu ya debe la mafuta ya kupikia, lililogeuzwa. Nina kikombe cha maji. Wakesho, mwanangu, kama ni mimi niliyekasirika, imetoka. Upoe. Ule, ushibe, ukue unipite. Na Mwakio naye apoe. Mama naye.

Hapo wino ulipotawanyika ni maji yangu niliyoyapuliza, si mvua. Yatakuwa yamekauka barua ikifika, lakini yalitoka kwangu yakiwa mabichi.

Shule inafungwa mwezi ujao. Nitakuja. Mwambieni Wakesho aanze kula leo, kwa sababu shangazi ameahidi, na mimi sijamvunjia neno bado. Mwakio, nenda kwa fundi akuchongee kigoda, kidogo tu, cha kumtosha mtoto. Kitakuwa chake. Usinikaribishe kwenye kochi.

Nisalimie mjomba aliyenisindikiza hadi stesheni mwaka ule bila kuniuliza kitu, na wifi yangu, mke wa Mwakio, ambaye hakuwa na kosa na ametuvumilia sisi wote. Jirani wa ng'ambo ya ua mwambie nimesikia ng'ombe amezaa.

Ni mimi bintiyo,
Mghoi

Mwakio, nitakuja kunywa chai nyumbani kwako. Safari hii ichemshe kwa kuni.