Mwezi Ndani ya Kisima

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla pumzi haijanikatikia, maana kwa miaka mingi nimeficha kwamba nilimsomea vibaya binti yangu shairi la bahati yake. Nilikuwa mwalimu wa fasihi hapa Tainan, na siku za mapumziko nilikaa hekaluni nikiwafasiria watu mashairi wanayopewa na mungu baada ya kuchomoa kijiti cha kura, na kila mwenye kazi hii anajua kwamba beti zile zile humpa mgonjwa jibu moja na mchumba jibu jingine. Siku moja akaja binti yangu Siok-hun na karatasi yake, alitaka kuolewa na Kim-seng, fundi wa kuchomelea meli kule Kaohsiung, na shairi lilisema:

Mwezi wavunjika ndani ya kisima,
ndoo ikitoka warudi mzima.

"Baba, usinipambie," akasema. "Niambie kama unavyomwambia mtu baki."

Nikamwambia mwezi ni huyo kijana, kisima ni kaburi, atakufia mapema. Akajichekesha, "Basi nitanunua kamba ndefu nimvute," kisha akalia, na Kim-seng akaoa kwingine.

Sasa Siok-hun ana mvi, hakuolewa, na ndiye anayenilisha uji wa viazi vitamu, "Fungua mdomo, Mwalimu, au nikuimbie kama kichanga?" Mwezi uliopita tukasikia Kim-seng amefariki, mzee mwenye wajukuu. Siok-hun akaweka kijiko chini.

"Kumbe mwezi ulichelewa kuzama. Baba, lile shairi ulilisoma vipi?"

"Nilikosea, mwanangu. Mafumbo ni magumu."

Hajauliza tena, ila jikoni haimbi tena. Nimwombe radhi kwa kukosea, au ninyamaze nife kwa amani?

Mfasiri wa zamani, Tainan

Jibu:

Mwalimu, pole kwa maradhi, na pole zaidi nampa Siok-hun. Lakini usinichezee. Binti aliuliza habari za ndoa, wewe ukamjibu ya mgonjwa. Mwanafunzi wako angefanya hivyo ungempa sifuri. Ndoo hutikisa maji tu, mwezi wenyewe uko juu, salama. Kwa wachumba huo ni ugomvi wa kupita. Tena mstari wa pili wote ukauruka! Mtu aliyezeeka akifundisha fasihi hakosei hivyo, na nadhani Siok-hun naye ameshaanza kulihesabu hilo kichwani mwake.

Unataka ufe kwa amani. Yeye aishi na nini? Usimwachie msiba wa kubahatisha ukweli. Mwambie kwa mdomo wako, mchana, akiwa ameketi. Usisingizie uzee wala mafumbo, na msamaha usiuombe siku hiyo hiyo, maana utamlazimisha akubembeleze. Akipiga kelele, mwache apige. Mwambie ulichokijua siku ile, na kwa nini.

Mpendwa mshauri, nimemwambia leo, baada ya chakula cha mchana. Sauti yangu ni ndogo siku hizi, akalazimika kuinama karibu na mto wangu kitandani ili anisikie. Nilisema: "Siok-hun, sikukosea. Ulipoifungua tu ile karatasi nilijua inasema muoane. Lakini mama yako tulikuwa tumetoka kumzika, nami niliogopa kubaki peke yangu nyumbani."