Niliiharibu Mwenyewe Kompyuta ili Rafiki Aje

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako upesi, kwa kuwa moyo wangu umechoka, daktari hakunificha, na kuna jambo sitaki kwenda nalo kaburini.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kibara, mke wangu ametangulia, watoto wako mbali na waliniletea kompyuta ndogo ili nisome magazeti na tuonane. Mwanzoni iliharibika kweli, kila ukurasa ukijaa matangazo, nikampigia rafiki niliyefundisha naye, nimwite Onesmo, wa Manyamanyama, akaja, akasafisha kivinjari, tukala samaki sato, tukacheka mpaka jioni, na alipoondoka nyumba ikanyamaza kiasi kwamba baada ya siku chache, Mungu anisamehe, niliirudisha tarehe ya kompyuta nyuma miaka mingi, kurasa zote zikakataa kufunguka, nikampigia tena.

Utauliza kwa nini sikumwambia tu njoo tuzungumze. Kwetu mzee haiti mtu kwa upweke, anaita kwa sababu ng'ombe anaumwa au paa linavuja, basi mimi nikajitobolea paa langu. Mara nabadilisha lugha ya kivinjari iwe Kichina, mara nazima mtandao na kujifanya sijui, naye anakuja na utani wake, "Ticha, hii mashine ina pepo, ipeleke kwa padri!" namjibu, "Padri mwenyewe ya kwake imemshinda."

Hivi karibuni alikuja na mkewe, Boke. Alipokuta tarehe imerudi nyuma tena, hakutania. Aliondoa mkono kama mtu aliyeungua.

"Ticha, hii nilikuwaga naiweka sawa kweli, au nilikuwa nafikiria tu nimeiweka?"

"Uliiweka," nikasema.

"Sasa mbona siikuti? Mama yangu alianzaga hivi hivi. Anasema ameshateka maji, unaangalia, ndoo tupu."

"Baba Flora, acha hayo," Boke akamwambia, akageuza uso nisimwone macho.

Hapo ndipo pa kusema. Mimi nikasema karibuni chai.

Tangu siku ile Onesmo ameacha kuwafundisha watoto wa jirani hesabu, pikipiki yake haiendeshi, na Boke ananiambia anaandika kwenye karatasi kwamba ameshakula, asije akasahau. Nikimwambia ukweli nitampoteza rafiki pekee niliyebaki naye, huenda asije hata kunizika. Nikinyamaza, najua ninachomfanyia. Nifanye nini?

Mwalimu mstaafu, Kibara

JIBU

Shikamoo, mzee wangu. Nimeanza na salamu kwa sababu yanayofuata hayana adabu sana.

Pole kwa moyo, na pole kwa nyumba iliyonyamaza. Lakini unaniuliza utapoteza nini ukisema, wakati mwenzako ana akili timamu na anaishi kama aliyeipoteza. Ulitaka mtu wa kula naye sato, umemfanya mwalimu wa hesabu aogope kusahau kwamba amekula. Na ulipomjibu "uliiweka" ulimpa nusu ya ukweli, nusu ile ya kumtisha zaidi.

Jibu hili nimekutumia wewe kwanza, usingoje gazeti litoke. Mpigie leo, naye aweke simu kwenye spika Boke asikie, maana mama huyo anamuuguza mume asiyeumwa. Usianze na ugonjwa wako. Ukianza nao, atalazimika kukuhurumia kabla hajapata nafasi ya kukasirika, na hiyo itakuwa hila nyingine. Anza na tarehe: ulibonyeza wapi, ulibadilisha nini, kila mara unayoikumbuka, mpaka aone mwenyewe kwamba kazi yake ilikuwa sahihi. Mtu wa hesabu machozi yako hayatamsaidia, anataka kuona hatua zote. Ukimaliza, nyamaza akuseme. Wala usijitetee kwa mila. Hukuwahi kumwita kwa kikombe cha chai tu uone kama angekataa.

Inawezekana asije tena. Hilo utalibeba, na nakuambia kwa huruma kwamba ni jepesi kuliko analobeba yeye sasa.

Siku ukifa, mzee wangu, watu wa kukuzika hawatakosekana. Mtu wa kumwambia Onesmo kwamba hakusahau kitu ni wewe peke yako.