Vyombo Vilivyokwisha Oshwa

Mdogo wangu,

Natumaini mji huo wa mbali haujakukondesha. Ile kazi ya uandishi uliyokuwa unaisubiri uliipata? Hujaniambia.

Mimi mzima, ila situlii. Tangu sisi waandishi wa tamthilia tugome, asubuhi nashika bango nje ya kituo cha televisheni, mchana nazunguka nyumbani kama kuku anayetaka kutaga.

Mwanzoni watu walikuwa upande wetu. Msusi wangu alizima kabisa televisheni ya saluni. "Wamewalipa shukrani ya punda," alisema. Juzi kituo kikarusha sehemu mpya, mwandishi hatajwi, naye akaiwasha "kidogo tu."

Mama wa kwenye tamthilia kagundua bintiye kamdanganya. Hakufoka. Alitoa vyombo safi kabatini akaviosha upya, kimoja kimoja, mpaka binti akaangua kilio mwenyewe. Saluni nzima ilifuta machozi.

"Waliogoma wakae huko huko," msusi akasema, kasahau kichwa anachosuka ni cha nani. "Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Huyu mpya anamjua mama."

Wenzangu wananiuliza nani katusaliti. Nawajibu sijui.

Mdogo wangu, jikoni kwa marehemu mama watoto tulikuwa wawili tu. Umeandika vizuri, hata mimi nililia. Sina la kukufokea. Ila tangu juzi vyombo vyangu vyote ni safi, na bado naviosha.

Dada yako